Yai la Sita

Mnunuzi amefika Bombo kutoka Wandegeya,
pikipiki yake bado inatoa joto ukutani kwetu.
Anachuchumaa mbele ya Sajini,
anakipapasa kidari kisicho na unyoya,
chekundu kama tofali lililonyeshewa.
"Kuchi," anasema. "Kuchi hasa. Asili yake wapi?"

Namjibu kwa kile anachokiona.
Shingo, kama ya mtu anayechungulia dirisha la jirani.
Undu hana wa kujivunia: punje ya kunde
iliyosahaulika juu ya kichwa.
Macho meupe, hayapepesi.
Manyoya machache, makavu, yamembana
kama sare ya askari aliyenenepa uzeeni.
Husimama wima, mkia chini,
anangoja jina lake lisomwe kwenye gwaride.
Huchelewa kukua; mwaka mzima ni miguu tu.
Dada zake hutaga kumi, kisha wananuna.
Wanasema jogoo la shamba haliwiki mjini.
Huyu huuacha mji uwike kwanza.

"Nimeuliza asili."

Hapo habuba Zamzam anauweka chini ukindu wake.

"Vita vya Burma vilipokwisha, baba yangu Farajala
aliteremka melini Mombasa
na malipo yake na sikio moja lililokufa.
Akanunua mayai sita ya kuchi kwa bei ya shati,
akayaviringisha katika vile vitambaa vya miguu
walivyovaa askari, akapanda gari moshi.
Moja lilipasuka Voi.
Mawili, Nakuru, mtu alikanyaga mzigo.
La nne alilikalia mwenyewe, usingizini, karibu na Tororo,
na mpaka anakufa alikataa kuwa ni yeye.
La tano lilioza.
La sita ndilo hili unalolishika kifua."

Ami Marjani, mlangoni, anacheka:
"Mayai gani! Alikuja naye kifaranga toka Burma kwenyewe,
ndani ya kofia ya chuma."
Wamebishana hivi tangu sijaota meno.
Mimi sikuwapo. Sajini naye hasemi.

"Sawa," anasema mnunuzi, "na mama?
Yai moja halijengi ukoo."

"Mama alikuwa wa jirani yetu Nakibuule,
jike la rangi ya majivu, mlala jikoni.
Ndiye aliyeliatamia yai, na kifaranga alipokuwa jogoo
binti zake ndio waliomzalia."

Mnunuzi anasimama, anajipangusa magoti.
"Kumbe si safi." Na laki tatu
inakuwa laki moja na nusu, hivi hivi, hewani.

Nakumbuka meza ya karani, mwaka wa vitambulisho.
Kijana mpole, kalamu mpya. "Habuba, asili yenu wapi?"
"Hapa."
"Hapa ndiyo, lakini asili?"
Alizaliwa hatua mia tatu kutoka kwenye meza ile.
Alinyamaza kidogo, akaanza kumtajia
Nili, kambi, bugle, majina ya waliozikwa njiani,
na foleni nyuma yetu ikaguna.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga;
hawakusema ni lini huacha kuwa mgeni.

Nainama, naifungua kamba ya Sajini.
Mnunuzi anashtuka: "Atakimbia!"
Hakimbii. Hiyo nilisahau kumwambia,
labda ndiyo sifa ya kwanza.
Babu yake alipiganishwa nyuma ya kambi,
enzi za baba, kwa dau la sukari na sabuni.
Mimi sipiganishi. Lakini mguu wake haujui kurudi nyuma.
Anapiga hatua moja, anapekua mchanga,
anapata mdudu.

"Mwambie," habuba ananiambia mimi, si yeye,
vidole vyake vimeshaurudia ukindu,
"bei ni laki tatu ya baba.
Na ya mama, laki moja.
Kama hana ya mama, mwache alivyo."

Pikipiki inakataa kuwaka mara mbili.
Ya tatu inawaka.